Ukitoa Gari Kuukuu, Toa na Mafuta Yake

Igawa ni mji wa barabarani. Barabara ya TANZAM inaukata, Mto Mbarali unapita chini ya daraja, mchele wa Usangu unapakiwa kwenye Fuso, na malori ya Zambia na Kongo hayalali. Mahali pa namna hii hapakosi magari yaliyochoka. Kuanzia Makambako hadi Mbeya mjini, nyuma ya nyumba za wastaafu, kwenye viwanja vya misheni na pembeni mwa gereji, utayakuta: Land Rover 109 isiyo na injini, Peugeot 504 iliyo juu ya mawe, Bedford ambalo bodi yake imekuwa banda la kuku. Kila moja lina mwenyewe, na mwenyewe ana sababu ya kutoliuza. Akifariki, au akichoka kulitazama, ukoo unakaa kikao na wazo linalotoka huwa lile lile: tulitoe. Kanisani, msikitini, kituo cha yatima, hospitali ya misheni, popote watakapolipokea.

Nia haina kasoro. Kinachohitaji kuchunguzwa ni nani anabaki na gharama baada ya hati kusainiwa na picha kupigwa. Nikiangalia yanayofanyika Marekani, ambako kutoa gari sadaka ni biashara kamili, na yanayofanyika kwetu, naona jambo moja: gari kuukuu ni msaada pale tu linapotolewa pamoja na fedha za kulitembeza, au linapouzwa kwa bei yake halisi na fedha ndizo zikatolewa. Nje ya hapo mtoaji anahamisha mzigo.

Tuanze na huko Marekani. Katika miaka ya 1960 viwanda vya Detroit vilichukua magari ya kawaida ya ukubwa wa kati, vikayatia injini kubwa za V8 na kuyauza kwa bei ambayo kijana mwenye ajira aliimudu. Pontiac GTO ya 1964 ndiyo hutajwa sana kuwa mwanzo wake. Zikafuata Dodge Charger, Chevrolet Chevelle na Ford Mustang za injini kubwa. Wenyewe waliyaita magari ya misuli. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mambo yakageuka: bima ikapanda, sheria za moshi zikabana, na mgogoro wa mafuta wa 1973 ukamalizia. Vijana wale sasa ni wazee wenye magari yaliyofunikwa turubai, na watoto wasio na haja nayo.

Baadhi ya magari hayo ni utajiri. Januari 2020, Mustang ya 1968 iliyotumika katika filamu ya Bullitt, aliyoiendesha mwigizaji Steve McQueen, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 3.74. Mwezi huo huo Corvette ya kwanza ya toleo jipya ilinunuliwa na Rick Hendrick, mwenye timu ya mbio za magari, kwa dola milioni 3, na fedha zikaenda kwa mfuko wa watoto wa Detroit. Wakatoliki wa Iringa na Mbeya huenda wanakumbuka Lamborghini nyeupe aliyozawadiwa Papa Fransisko Novemba 2017. Aliibariki, akaitia saini, ikauzwa Monaco Mei 2018 kwa euro 715,000 kwa ajili ya kazi za huruma, ikiwemo kujenga upya makazi ya Wakristo wa uwanda wa Ninawi huko Iraki. Angalia alichofanya Papa. Hakulipeleka gari hilo Ninawi.

Lakini hayo ni ya wachache. Mmarekani wa kawaida hupiga simu, bredauni linakuja, gari linapelekwa mnadani pamoja na mengine chungu nzima, dalali anakata chake, na shirika linapata kilichobaki. Kilichomsukuma mtoaji mara nyingi kilikuwa nafuu ya kodi, kwa sababu aliruhusiwa kujikadiria thamani ya gari na kuiondoa kwenye kipato kinachotozwa. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ililichunguza jambo hili na kutoa ripoti mwishoni mwa 2003. Kwa mwaka 2000 pekee, walipa kodi wapatao 733,000 walidai nafuu hiyo, na kodi waliyoepuka ilikadiriwa kuwa dola milioni 654. Wakaguzi walipofuatilia magari 54 moja baada ya jingine, waliona kwamba kwa theluthi mbili ya hayo, shirika liliambulia asilimia 5 au pungufu ya thamani aliyoitaja mtoaji. Yaani mtu anaandika dola 2,000, na wenye shida wanapata 100 au chini yake.

Bunge likabadili sheria mwaka 2004. Tangu 2005, anayedai zaidi ya dola 500 anaruhusiwa kuondoa kiasi kile tu ambacho gari limeuzwa. Imebaki milango mitatu ya kudai thamani kamili ya sokoni: shirika lilitumie lenyewe kwa kazi zake, au lilitengeneze hadi liongezeke thamani, au limpatie mhitaji kwa bei ya chini mno. Milango hiyo mitatu ndiyo sehemu ya sheria ninayoipenda, kwa sababu inamlazimisha mtoaji kuuliza swali ambalo huku kwetu hatujalizoea: gari hili litafanya kazi gani likishatolewa?

Huku hakuna kishawishi cha kodi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inamruhusu mfanyabiashara kuondoa michango yake kwa taasisi za hisani zinazotambuliwa, lakini isizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara hiyo. Mwalimu mstaafu wa Rujewa mwenye Datsun yake hana cha kuondoa. Basi anayetoa gari Mbarali anatoa kwa moyo, au kwa sababu mama watoto amechoshwa na nyoka wanaozaliana chini yake. Sababu zote mbili ni halali, ila hiyo ya pili ingefaa isemwe mapema.

Kishawishi chetu ni cha namna nyingine, nacho kinatoka kwa ndugu walio ughaibuni na marafiki wa makanisa. Dayosisi ya Iringa ya KKKT ina uhusiano uitwao Bega kwa Bega na Walutheri wa eneo la Saint Paul, Minnesota, tangu miaka ya 1980. Hospitali ya Ilembula, upande wa Njombe, ina mizizi kwa Walutheri wa Marekani, na ile ya Chimala, ukiwa unaelekea Mbeya kutoka Igawa, ilianzishwa na wamisionari wa Kanisa la Kristo kutoka nchi hiyo hiyo. Ni rahisi mzee wa Minnesota kuwaza: nina Chevelle ya 1970 imekaa bure, wenzetu kule hawana usafiri, niwapelekee.

Mzee huyo ningemsimulia Safari Rally ya 1964. Mbio hizo, zilizoanza 1953, zilikuwa zikikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye matope na vumbi, na mwaka huo zikaletwa Mercury Comet kadhaa za V8 kutoka Marekani, ndugu wa karibu wa magari ya misuli. Nyingi hazikufika mwisho. Aliyeshinda ni Peter Hughes, kwa Ford Cortina ndogo ya Kiingereza, na katika miaka iliyofuata waliovuma ni Peugeot 404 na Datsun. Gari la misuli lilitengenezwa kwa lami iliyonyooka. Tumbo lake liko chini, usukani uko kushoto katika nchi inayoendesha kushoto, na injini ya lita 6 au 7 inakunywa petroli kuliko lori dogo. Tena injini za enzi hizo zilitegemea petroli yenye madini ya risasi, iliyolinda viti vya valvu. Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli hiyo mwanzoni mwa 2006, kwa sababu nzuri kabisa, maana risasi inadhuru ubongo wa mtoto. Kabla Chevelle haijatembea hapa, silinda hedi yake ingebidi ifunguliwe na kutiwa viti vigumu, na fundi wa kazi hiyo si yule wa kubadilisha plagi stendi.

Bado bandari. Gari dogo lenye zaidi ya miaka 10 na injini inayozidi cc 2,000 hutozwa ushuru wa forodha asilimia 25. Juu ya jumla ya thamani na ushuru huo kuna ushuru wa bidhaa, asilimia 10 kwa ukubwa wa injini na asilimia 30 kwa uzee, na juu ya yote hayo VAT asilimia 18, achilia mbali tozo ndogondogo. Piga hesabu: gari ambalo thamani yake pamoja na nauli ya meli ni shilingi milioni 40 linadaiwa zaidi ya milioni 42. Majirani ni wakali zaidi. Kenya hairuhusu gari kuukuu lililozidi miaka 8 kuingizwa nchini, na Uganda tangu 2018 imeyafungia mlango yaliyofikisha miaka 15.

Taasisi ya dini au ya hisani inaweza kuomba msamaha wa kodi, na wengi hudhani hapo mambo yamekwisha. Msamaha umefungwa kwenye matumizi. Gari likiuzwa au kuhamishiwa kwa asiyestahili msamaha, kodi inafufuka. Kwa hiyo misheni iliyopokea Chevelle kwa msamaha inakuwa na gari isiloweza kulitumia kwenye njia za Usangu wakati wa masika, na isiloweza kuliuza bila kulipa kile kilichosamehewa. Litawekwa juu ya mawe, safari hii mawe ya misheni. Rahisi ghali, walisema wazee, nao walikuwa hawajaona kontena.

Sasa tuache Chevelle, tuchukue gari linalofaa: Land Rover au Land Cruiser kuukuu yenye uhai, iliyotolewa kwa kituo cha watoto kilichopo kijijini. Kama inatembea kilomita 1,000 kwa mwezi na kumaliza lita moja kwa kilomita 6, inahitaji lita 167. Tukiweka shilingi 3,000 kwa lita, hiyo ni nusu milioni kila mwezi, milioni sita kwa mwaka, kabla hujamlipa dereva, hujakata bima, hujanunua tairi wala kufanya sevisi. Na gari kuukuu halikosi la kudai. Wiki hii bushi, wiki ijayo pampu ya maji. Kituo kinachoishi kwa michango kitazitoa wapi fedha hizo? Zitatoka kwenye unga na ada za shule. Hapo ndipo zawadi inapoanza kuwala waliozawadiwa.

Jambo la pili ni mchanganyiko. Shirika lisilonunua magari yake bali kupewa hujikuta na Land Rover ya Mwingereza, Nissan ya Mjapani, Volkswagen ya Mjerumani, kila moja na chujio lake na fundi wake. Hospitali yenye Land Cruiser tatu za aina moja inaweza kuikopesha moja spea ya nyingine, na kilichokosekana kikatafutwa Mwanjelwa, Mbeya, siku hiyo hiyo. Yenye magari matatu ya nchi tatu itasubiri spea kutoka Kariakoo, au Ulaya. Watoaji hawapendi kusikia kwamba aina ya gari ni muhimu kuliko ukarimu wao, lakini muulize msimamizi yeyote wa magari.

Kuna waliolielewa hili mapema. Mwaka 1927 padre Mjerumani, Paul Schulte, alianzisha chama cha MIVA baada ya rafiki yake mmisionari kufa katika nchi ambayo leo ni Namibia, kwa kukosa usafiri wa kumfikisha kwenye tiba. Tawi la Austria, lililoanza 1949, lina desturi ya kila Julai karibu na sikukuu ya Mtakatifu Kristofa: madereva wanaombwa kutoa sehemu ya kumi ya senti ya euro kwa kila kilomita waliyotembea bila ajali. Fedha hizo zinanunua magari, pikipiki na baiskeli kwa misheni za nchi maskini, kulingana na ombi la anayepokea. Mwenye gari anabaki na gari lake. Anachotoa ni shukrani kwa safari zake, na mpokeaji anapata chombo kinachofaa njia yake. Katika miaka yangu ya kufuatilia misaada sijaona mpango wa magari uliofikiriwa vizuri kuliko huo.

Mpango mwingine ni wa nyumbani, nao haukuhitaji hata kununua gari. M-mama ulianzia Sengerema na Shinyanga, ukazinduliwa kitaifa mwaka 2022. Mama mjamzito akipata dharura, inapigwa namba 115 bila malipo. Ambulensi ikiwa mbali, mratibu anamwita dereva wa eneo hilo aliyesajiliwa, naye analipwa safari yake kwa simu. Yale magari madogo yanayobeba abiria kila siku yamekuwa magari ya wagonjwa yanapohitajika, na mwenye gari ndiye anayegharimia breki zake. Milioni sita za mafuta ya mkweche mmoja zingelipia safari ngapi za namna hiyo kutoka vijijini hadi Rujewa?

Mapokeo ya dini yanatukumbusha jambo lile lile kwa njia zake. Nabii Malaki aliwakemea waliopeleka madhabahuni mnyama kilema na mgonjwa. Waislamu nao wana wakfu, ambao Zanzibar unasimamiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na mantiki yake ni nzuri kuitazama: nyumba au shamba linawekwa wakfu ili kodi au mazao yake yaendeshe msikiti na kusomesha watoto. Mali inazalisha, na kwa kuzalisha inajitunza. Gari ni kinyume chake, linakula. Ukitaka kulitoa kwa roho ya wakfu, litolee na chanzo cha kulilisha.

Yapo na mambo ya karatasi, na hapa ndipo familia nyingi za ukanda wetu hukwama. Gari lililo juu ya mawe mara nyingi kadi yake ina jina la marehemu. Ukoo haumiliki gari hilo kisheria hadi mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Kabla ya hapo, kumkabidhi mchungaji funguo si kutoa, ni kuazimisha mali ya watu ambao huenda kesho wakaidai. Na hata mtoaji akiwa hai, asipokamilisha uhamisho wa umiliki TRA, faini za barabarani zitaendelea kuifuata namba ya gari, na likigonga mtu, polisi wataanza na jina lililo kwenye kadi. Nafuu moja imekuja: ada ya mwaka ya leseni ya magari, iliyokuwa ikirundikana hata kwa gari lisilotembea, ilifutwa mwaka 2017 na gharama yake kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta. Kabla ya hapo wengine waliogopa hata kutaja kwamba wana gari nyuma ya nyumba.

Basi mkweche ufanyweje? Kwanza ujulikane una thamani gani. Hapa nina ugomvi na wanunuzi wa vyuma chakavu wanaopita na mizani. Land Rover ndiyo gari letu la misuli. Ilipita njia hii ikiwa bado ya udongo, enzi zile baada ya 1965 malori yalipokuwa yakihangaika kupeleka mafuta Zambia. Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover mamia kwa mamia katika tamasha la kuwania rekodi ya dunia ya msafara mrefu wa magari hayo. Watu walitoka mikoani na nchi jirani wakiendesha zile ambazo huku tunazifugia kuku. Wapo wanaotafuta chesisi yenye namba halali, gia boksi, milango, hata taa. Mwenye 109 yenye kadi safi akiiuza kwa mpenzi wa magari hayo na kumpa mkuu wa kituo fedha taslimu, amefanya alichofanya Papa, kwa kipimo cha Mbarali. Akiiuza kwa kilo, amefanya kile ambacho wakaguzi wa Marekani walikilalamikia.

Lile lisilouzika linaweza kufaa darasani. VETA Iringa na Mbeya zinafundisha ufundi wa magari, na Wasalesiani wa Don Bosco wana chuo Iringa mjini. Injini yenye kabureta inamwonyesha mwanafunzi kwa macho kile ambacho gari la kisasa limekificha ndani ya kompyuta. Hata hivyo moja au mbili zinatosha kwa karakana. Kijana anayehitimu leo ataajiriwa kutengeneza Noah na IST zenye mifumo ya umeme, na chuo kilichojaa mikweche ya 1975 kinamwandaa kwa wateja waliokwisha kufa. Makumbusho ni kwa gari lenye historia ya kweli, kama Rolls-Royce ya Mwalimu Nyerere iliyoko Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam. Peugeot ya babu, pamoja na heshima zake, haimo.

Kwa hiyo ndugu msomaji, uwe Igawa, Mafinga au Minneapolis, kabla hujaita mpiga picha, mtembelee unayetaka kumpa, umuulize angependa nini. Akisema gari, mpe lililo zima, la aina ambayo spea zake zinapatikana Mbeya, kadi ikiwa kwa jina lake, pamoja na mafuta na matengenezo ya mwaka mmoja. Akisema fedha, uza gari mwenyewe, uhangaike na madalali wewe badala ya masista. Na akikujibu kwamba hapana, ahsante, hana pa kuliweka wala cha kulilisha, usinung'unike kwamba wamekataa sadaka. Mruhusu akatae.